Shoti si wizi

Aliyewahi kukaa dirisha la malipo analijua lile tumbo joto la jioni: fedha umezihesabu mara tatu na bado hazifikii kilichoandikwa kwenye mfumo. Hiyo ndiyo shoti. Katika ofisi nyingi haipiti saa moja kabla haijaanza kuitwa wizi.

Kazini kwangu zamani keshia mmoja aliitwa kwa meneja, akakuta karatasi imeshachapwa. Ilisema anakiri kupoteza fedha za kampuni na anakubali kukatwa mshahara mpaka ziishe. Asaini, ama aende polisi. Alisaini huku mkono ukitetemeka hadi kalamu ikatoboa karatasi. Wiki tatu baadaye tukagundua kwamba stakabadhi za siku moja ziliingizwa mara mbili, na neno lake la siri lilikuwa likitumiwa na watu wanne.

Wizi unataka mtu aliyechukua, tena kwa nia ovu, na mzigo wa kuthibitisha hayo pasipo shaka ni wa upande wa mashtaka. Shoti inathibitisha jambo moja tu, kwamba namba mbili hazilingani. Kabla ya kampuni kumfungulia mtu kesi, ionyeshe fedha zilielekea wapi. Ikishindwa, irudi kwenye leja zake.

Anayeona nakuza mambo aitazame Posta ya Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi madogo walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. (Kisheria wengi hawakuwa hata waajiriwa, walikuwa na mkataba wa kuendesha tawi, na mkataba huo uliwabebesha upungufu.) Ushahidi ulitoka kwenye mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, na sheria ya huko inachukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka ionekane vinginevyo. Mama mmoja alipiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Mwingine alifungwa akiwa mjamzito. Wapo waliofidia kwa akiba zao, na wapo waliokiri kughushi hesabu ili shtaka la wizi liondolewe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema mfumo ule ulikuwa na hitilafu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39, na 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta nyingine kwa mkupuo.

Muda wote huo, ni nani aliyeuliza hao mamia ya watu walizipeleka wapi fedha? Hapakuwa na magari mapya wala akaunti za siri. Walikuwa wakiuza nyumba zao ili walipe.

Sitetei wezi, maana wapo. Rita Crundwell, mtunza fedha wa mji wa Dixon, jimbo la Illinois nchini Marekani, alichota zaidi ya dola milioni 53 kwa miaka 20 hivi. Alikamatikaje? Mwaka 2011 alikuwa likizo ndefu, mwenzake akaomba taarifa za benki, ikajitokeza akaunti ambayo hakuna aliyeijua. Fedha zilikokwenda pakaonekana: farasi zaidi ya 400. Kesi kama hiyo naielewa, na kifungo cha miaka 19 na miezi 7 sina cha kukilalamikia. Kumbe hata likizo ya lazima ni ukaguzi wa hesabu, na haina gharama.

Kinachonikera hasa ni polisi kugeuzwa wakusanya madeni. Kama kampuni inataka fedha zake tu, mahakama za madai zipo. Lakini mfanyakazi anatishiwa rumande, analipa kwa hofu, kisha malipo yale yale yanasomwa mahakamani kama ungamo: angelipaje kama hakuiba? Angelipa kwa sababu ana watoto nyumbani na kesho ni Jumamosi, na mahakama zimefungwa.

Yule keshia wetu hakuombwa radhi. Makato yalisimamishwa, basi. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa natafuta hati nyingine kabatini nikakutana na karatasi yake ndani ya faili, haijafutwa wala kuandikwa neno pembeni, na lile tundu la kalamu bado lipo.