Mpira Umetoroka

Nyumba ya mazoezi imejengwa ndani ya godauni huko Columbus, Ohio: sebule, jiko, chumba cha kulala, kila kitu ila paa. Kazi yake ni kufurikishwa maji kila kozi ikianza, ili wanafunzi waikaushe. Mwalimu alifungua koki, akatuchukua kunywa kahawa. Tuliporudi, zulia lilikuwa likilia chwa-chwa kila hatua.

Mimi na jamaa wa Bukavu tulipewa sebule. Tulianza vizuri, tusionewe. Tulinyonya maji kwanza, maana maji unayoyanyonya kwa dakika chache, ukingoja yavukizwe yatakula siku. Sponji ya chini ya zulia tukaitupa, tukabandua skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, na kutoboa matundu kwenye jipsamu nyuma yake ili hewa iingie ukutani. Feni nne tukazielekeza ukutani kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 45, zote zikipuliza upande mmoja hewa izunguke chumba. Katikati tukaweka kikausha hewa.

Mashine hiyo huvuta hewa yenye unyevu na kuipitisha kwenye koili baridi. Mvuke unageuka matone, matone yanajaa kwenye beseni, na beseni likijaa pampu inayatoa nje kwa mpira wa maji. Ya ukubwa ule huvuna hadi lita 60 kwa siku, katika joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 60. Sasa, pampu yake haimwagi taratibu. Inakohoa. Na kila ikikohoa, mpira unaruka. Mpira nilikuwa nimeuning'iniza kwenye sinki la jikoni. Nimesema niliuning'iniza; sikusema niliufunga.

Jioni mbao za sakafu zilisoma unyevu wa asilimia 24. Asubuhi, 31, na mbao ikipita 30 hivi imeshashiba. Nikashuku kipima unyevu. Nikabadili betri: 31. Nikabonyeza sindano zake kiganjani, kikalia piii. Hapo nikathibitisha kwamba kipima ni kizima na mimi ndiye niliyelowa.

“Ndugu yangu,” akasema wa Bukavu, “tuongeze feni.”

Tukaongeza mbili. Mashine nayo haikuwa na kosa: ukiweka mkono mbele yake, hewa inatoka kavu, tena ya moto. Mwalimu akaja, akapiga magoti, akagusa sakafu, akaanza kufuata njia ya maji kwa tochi hadi jikoni, ambako sakafu imeinama kidogo kuelekea sebuleni. Mpira ulikuwa umejilaza chini ya kabati kama nyoka aliyeshiba. Alipouinamia ukamkoholea viatu. Khoo!

Yaani kwa saa 14 tulikuwa tukivuna maji hewani, tukiyamwaga sakafuni, feni zinayapandisha tena, mashine inayavuna tena. Maji yale yalisafiri usiku ule kuliko mimi tangu nitoke nyumbani. Na kila nilipopita nilikuwa nikiisifu pampu kwa bidii yake.

Tuliufunga mpira kwa kamba za plastiki sehemu tatu, tukanyonya upya, tukaanza kuhesabu siku kutoka sifuri. Mwalimu hakugomba. Alileta fomu mpya ya vipimo na kutusimamia tuijaze. Daraja la maji: 1, maji safi. Mahali palipoandikwa “Chanzo cha maji”, wa Bukavu alinisogezea kalamu, akaniambia niandike jina langu kwa herufi kubwa.