Miaka Imeongezeka, Magoti Je?

Shangazi yangu wa Seme, kaunti ya Kisumu, hajawahi kulazwa kwa ajili ya magoti yake. Kilichomtesa ni choo. Ni cha shimo, tundu katikati ya saruji. Kuchutama aliweza, kuinuka ndiko kulikomshinda, na kila mara mjukuu alisimama nje akingoja kuitwa. Siku moja fundi akatoboa kiti cha mbao katikati, akakiweka juu ya tundu. Magoti ni yale yale, ila mjukuu karudi kwenye mpira wake.

Namkumbuka kila nisomapo kuhusu umri wa kuishi kwa afya, yaani miaka anayotarajiwa mtu kuishi, ukitoa ile inayoliwa na ugonjwa na ulemavu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya 2000 na 2019 umri wa kuishi duniani ulipanda kutoka karibu miaka 67 hadi 73. Ule wa afya ulitoka 58 hadi 63 na ushei. Pengo limepanuka kidogo.

Daktari Mmarekani Ernest Gruenberg alilionya hilo mwaka 1977: tiba huzuia kifo bila kuondoa ugonjwa, basi tunarefusha kuugua. Mwaka 1980 daktari mwenzake James Fries akapinga: maradhi yakicheleweshwa, kuugua kutabanwa kwenye miaka ya mwisho tu. Huku kwetu Gruenberg ana hoja nzito, maana wengi hujua wana presha siku wanapopooza upande mmoja. Lakini Fries naye hajashindwa. Mzee akitolewa mtoto wa jicho, aliyekuwa akishikwa mkono hurudi kuchambua omena mwenyewe.

Kinachonisumbua ni kwamba wote wawili wanatazama mwili. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu wenye ugumu mkubwa wa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, au wasioweza kabisa, kuanzia miaka 5. Kitaifa walikuwa asilimia 2.2, katika kaunti za Homa Bay na Siaya walipita 4. Takwimu hizo zinahitajika, la sivyo kaunti itapanga kwa kubahatisha. Hata hivyo, kuhusu kutembea, shangazi angejibu vilevile kabla ya kiti na baada yake.

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Yeye ana 67. Fundi alilipwa kuku wawili.