Sampu Mpya na Ukarimu wa Ami

Injini ya pikipiki yangu hupozwa na hewa, na hewa ya Maskati katika mwezi wa Julai haimpozi mtu yeyote. Pikipiki yenyewe ni ya Kimarekani, ya aina iliyoundwa kwa safari ndefu, yenye kiti kipana cha watu wawili, masanduku mawili ya pembeni na injini ya sentimita za ujazo 1,584. Kampuni iliyoiunda sina haja ya kuitaja, kwa kuwa mwenye kuijua ataitambua kwa mlio kabla hajaiona. Silinda zake mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine kwa pembe ya digrii 45, kwa hiyo ya mbele hupata upepo kwanza, na ya nyuma hupata ule uliobaki, ambao umekwisha kupashwa moto na mwenzake. Jirani kabisa na silinda hiyo ya nyuma ndipo lilipo paja la kulia la dereva. Tunaishi katika nchi ambayo mji wake mmoja, Quriyat, ulipitisha saa 24 nzima mnamo Juni 2018 bila joto kushuka chini ya digrii 42.6, usiku ukiwamo, na mimi katika nchi hiyo nimechagua kukalia tanuri.

Ndipo nilipoamua kuagiza sampu kubwa. Katika pikipiki hizi, oili ya injini haikai ndani ya injini yenyewe, bali katika sampu, yaani bakuli la alumini lililofungwa chini ya giaboksi. Pampu huivuta kutoka humo, huizungusha penye vyuma vinavyosuguana, kisha huirudisha. Sampu iliyotoka kiwandani ilibeba takriban lita 3.8. Hii mpya ilibeba karibu lita moja zaidi, na upande wake wa chini ulikuwa umejaa mapezi ya kupozea, marefu na membamba, ambayo upepo wa barabarani hupita katikati yake na kuondoka na joto. Oili ikiwa nyingi huchelewa kupata moto, na ikipumzika zaidi ndani ya sampu hupoa zaidi. Wanaouza vifaa hivi hawapendi kusema kwamba mapezi hayo hayana faida kubwa pikipiki ikiwa imesimama kwenye foleni, lakini safari ninazozipenda mimi ni za barabara ndefu, sio za foleni.

Fundi wangu yuko Wadi Kabir, katika vichochoro vile ambavyo gari lolote lililokufa Maskati hufufuliwa ama huzikwa. Ni mtu wa maneno machache na mikono safi, jambo la ajabu kwa kazi yake. Tuliondoa mabomba ya moshi ili kupata nafasi, tukamwaga oili, tukafungua boliti ndogo ndogo zinazoizunguka sampu ya zamani, kisha yeye akakaa chini na kipande cha plastiki akikwangua mabaki ya gasketi kwa utaratibu ambao ulinichosha mimi niliyekuwa nikitazama tu. Boliti za sampu mpya alizifunga kwa mkingamo, moja huku na ya pili upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa sababu alumini haisamehe mkono mzito. Akatia chupa tano za oili, za kipimo cha Kimarekani ambazo kila moja ni pungufu kidogo ya lita, jumla yake kiasi cha lita 4.7. Tukaizungusha pikipiki mpaka ikapata moto, tukapima, na oili ilikuwa pale pale inapotakiwa. Chupa zilizobaki akanirudishia katika boksi lake.

Kabla sijaondoka alinambia jambo moja, na alilirudia mara mbili, ambalo kwake yeye ni sawa na hotuba. Alisema oili ya pikipiki hii hupimwa injini ikiwa ya moto. Ikilala usiku kucha, sehemu ya oili hujipenyeza taratibu kutoka kwenye sampu na kuteremkia katika chumba cha krenki, ndani ya injini yenyewe, na asubuhi kijiti cha kupimia huonyesha kuwa imepungua ilhali haikupungua hata tone. Nililielewa jambo hilo vizuri sana. Bahati mbaya, nililielewa peke yangu.

Hapo anaingia Ami. Ami ni mdogo wa marehemu baba yangu, amepita miaka sabini, kazaliwa Unguja, na ujana wake aliupitisha juu ya pikipiki za Kiingereza za zama zile, ambazo zilivuja oili zikienda na zikavuja zikisimama, hata mwenye nyumba akajua mgeni wake aliegesha wapi kwa kutazama sakafu. Kutokana na malezi hayo Ami aliondoka na imani moja ambayo haijatikisika kwa nusu karne, nayo ni kwamba injini haifi kwa kushiba, hufa kwa njaa. Anakaa nasi nyumbani, na baada ya sala ya Alfajiri, wakati wengine tunarudi kulala, yeye huzunguka uani akikagua mali za watu.

Safari ilikuwa ya kwenda Sur, kwenye akdi ya binamu yangu, ambayo ilipangwa kufungwa baada ya Alasiri. Familia ilitangulia kwa magari. Ami alitangaza kuwa yeye atapanda nyuma yangu, kwa sababu anataka kuhakikisha kwa nafsi yake kama hiyo sampu ya Wamarekani ina maana yoyote. Nilimwambia avae suruali nzito na koti la safari. Akanitazama kama niliyemwambia avae magome ya miti. Alitoka akiwa na dishdasha nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, jambia la khanjar kiunoni, na juu ya vyote hivyo kofia ya pikipiki, kwani kilemba chake cha Kikashmiri alikifunga kwa heshima zote katika sanduku la kushoto pamoja na kopo la halua.

Tulikwenda vizuri mpaka tukaipita Quriyat. Barabara ya pwani kuelekea Sur ni pana, bahari iko kushoto na milima mikavu iko kulia, na paja langu, nakiri kwa furaha, lilikuwa likihisi nafuu. Ami naye aliniinamia na kupiga kelele ndani ya upepo kwamba Wamarekani si watu wabaya. Baadaye kidogo gari lililokuwa nyuma yetu likaanza kuwasha na kuzima taa. Kwenye kioo nikamwona Ami akiinua mkono kuitikia salamu. Likaja gari la pili, likapiga honi, naye akaitikia kwa mkono huo huo. Kisha pikapu moja yenye ngamia nyuma ikatufikia ubavuni, na dereva wake, Bedui mwenye ndevu nyeupe, akashusha kioo na kuanza kutuonyesha kwa kidole kitu kilicho chini yetu, akipayuka maneno ambayo upepo uliyachukua.

"Mcheshi kweli mtu yule!" Ami akanambia. "Huku kwao watu wana adabu bado."

"Ami, anaonyesha nini?"

"Anaisifu pikipiki."

Nilitazama tena kioo, safari hii sio kumtazama Ami bali barabara iliyokuwa nyuma yake, na barabara haikuwapo. Palikuwa na moshi wa samawati tu, mzito, uliotufuata kwa uaminifu mkubwa. Wakati huo huo Ami akanigonga begani na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo libaki baina yetu, kama na mimi ninatokwa na jasho mguu mmoja.

Nikasimama kando ya barabara karibu na Tiwi. Upande wa kulia wa injini, kifuniko cha filta ya hewa kilikuwa kikidondosha oili kutoka kila kona, na oili hiyo, ikisukumwa na upepo wa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, ilikuwa imepaka buti langu, ikapaka sanduku la kulia, na katikati ya viwili hivyo ikakutana na dishdasha ya Ami. Upande wa kushoto Ami alikuwa bwana wa kualikwa. Upande wa kulia, kuanzia goti kushuka, alikuwa fundi wa meli.

Nilifungua kifuniko. Filta ilikuwa imelowa chapachapa. Injini hii hupumua kupitia humo: hewa inayosukumwa na pistoni zikishuka hutolewa kwenye vichwa vya silinda na kurudishwa kwenye filta, ili ivutwe tena na kuunguzwa. Oili ikizidi kipimo, injini hupumua oili badala ya hewa, sehemu ikamwagika nje na sehemu ikaunguzwa, na huo ndio uliokuwa moshi wetu. Lakini oili ilikuwa haijazidi. Mimi mwenyewe niliipima, na fundi aliipima.

"Ami," nilimwambia, "kuna mtu ameongeza oili?"

Ami akaitazama bahari. Akasema bahari ya leo imetulia.

Pikapu ya Bedui ilikuwa imesimama mbele yetu, na mwenyewe akaja akitembea pole pole kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusema na hakusikilizwa. Alipoelewa kwamba tunahitaji chombo cha kumwagia oili, alikwenda nyuma ya gari na kurudi na beseni la kumnyweshea ngamia. Tukaiacha injini ipoe kidogo, kisha nikalala chini na spana. Sampu hizi zina boliti mbili za kumwagia, moja ya oili ya injini na moja ya oili ya giaboksi, zimekaa karibu karibu, na Ami, aliyekuwa amechuchumaa kunielekeza, alinionyesha kwa uhakika kabisa ile isiyohusika. Nilifungua nyingine. Oili ikateremka, ikateremka, ikaendelea kuteremka wakati ambapo kwa hesabu yangu ilipasa kuwa imekwisha, na ngamia akainamisha shingo kutoka juu ya pikapu, akainusa kwa mbali, akapandisha mdomo wake wa juu na kugeukia upande wa pili.

Tuliipima kwa chupa tupu za maji za lita moja na nusu, tukiipitisha kwenye fulana yangu ili kuchuja shayiri iliyokuwa imebaki kwenye beseni, kwa sababu Ami alikataa kilemba kisiguswe hata kwa mazungumzo. Chupa ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu, na ya nne nayo ikajaa mpaka shingoni. Lita sita, bila kuhesabu iliyomwagika njiani, iliyoungua, na ile iliyokuwa imeigandisha dishdasha kwenye mguu wa mwenyewe.

Bedui aliuliza injini inatakiwa ibebe kiasi gani. Nikamwambia karibu lita 4.7. Akamgeukia Ami, ambaye kwa umri ndiye aliyestahili kuulizwa, akamngojea.

"Niliongeza chupa moja," Ami akasema hatimaye. "Jana, baada ya sala. Nilichomoa kijiti, nikaona oili imekauka. Sampu umenunua kubwa, mwanangu, na kitu kikubwa hula sana. Ningeiacha na njaa?"

"Chupa moja ni pungufu ya lita, Ami. Hapa, ukijumlisha na iliyomwagika, zimezidi kama chupa mbili."

"Hiyo ya pili si yangu. Wallahi si yangu."

Na kweli haikuwa yake. Nilimpigia simu mpwa wangu, kijana anayesoma uhandisi, ambaye alinijibu kwa furaha kwamba naam, mjomba, juzi asubuhi alitaka kuona hiyo sampu mpya, akapima, akaona oili iko chini, akaangalia kwenye intaneti kwamba sampu kubwa huhitaji chupa moja ya ziada, akaitia. Hakujua kwamba hiyo ya ziada fundi alikwisha kuitia. Siku ya pili Ami alipopima, nayo ilikuwa imelala na kujificha kwenye chumba cha krenki vile vile, kwa hiyo ukarimu wa kijana haukuonekana na ukarimu wa mzee ukafuata. Ami aliichukua simu mkononi mwangu na kumsomea mpwa wangu maneno makali kuhusu watu wanaoingiza mikono katika injini za wenzao bila ruhusa, na alisema mengi, na yote yalikuwa ya haki.

Nilirudisha chupa tatu na kidogo ya nne. Filta niliikamua, nikaifuta, nikairudisha, tukaiwasha injini. Ilitoa moshi kwa dakika chache, kisha ikatulia. Iliyobaki tulimpa Bedui, aliyesema itamfaa kwa bawaba za mlango wa zizi. Ami akampa pia nusu ya halua, jambo ambalo sikulijua mpaka tulipofungua kopo mbele ya wenyeji.

Tulifika Sur Alasiri ikiadhiniwa. Katika majlis Ami alichagua mahali pa mwisho, ukutani, akaukunja mguu wa kulia chini yake na kuufunika kwa pembe ya zulia, na hakuinuka hata walipoingia wakubwa, akasingizia magoti. Wazee wa Sur, ambao baba zao walikuja na kurudi Unguja kwa majahazi kila msimu wa kaskazi na kusi, walizungumza naye Kiswahili mpaka akdi ikafungwa na kahawa ikanywewa. Waliponiuliza kuhusu sampu, Ami alinitangulia kujibu. Alisema inafanya kazi vizuri sana, kasoro yake ni kwamba wapo vijana wasioijua.

Jioni nilimtafuta ili tuage. Sikumwona majlis wala msikitini. Nilimkuta uani kwa mwenye nyumba, boneti ya Land Cruiser iko juu, injini baridi kabisa, kijiti cha kupimia oili anakielekeza kwenye mwanga wa taa ya kibarazani. Alipohisi nyayo zangu hakugeuka.

"Mwanangu," alisema, "waulize hawa kama wana oili ndani."