Januari Ileile, Filamu Mbili

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kundi la muziki la Beatles lilivunjwa na Yoko Ono, mpenzi wa John Lennon, mmoja wa wanakundi, na kwamba mwenzake Paul McCartney aliwaendesha wenzake kama watoto. Imani hiyo niliipata katika filamu ya Let It Be, iliyotoka mwaka 1970, wiki chache baada ya McCartney kutangaza kujitoa, ambamo yeye na mpiga gitaa wa kundi, George Harrison, wanajibizana juu ya upigaji wa gitaa. Nani angeitazama wakati ule asiione kama matanga?

Mwaka 2021 mwongozaji filamu Peter Jackson alitoa Get Back, yenye sehemu tatu na urefu wa karibu saa nane, akitumia picha zilizopigwa Januari 1969, mwezi uleule ilimopigwa Let It Be. Urefu huo ndio ulionibadilisha. Wala si kwamba ugomvi ulifichwa: Harrison anawaaga wenzake na kuondoka, jambo ambalo filamu ya zamani haikulionyesha kabisa. Lakini tunaona pia siku zinazofuata, anaporudi, na mpiga kinanda mgeni, Billy Preston, anapoketi kwenye kinanda na chumba kizima kuchangamka. Tunamwona McCartney, Lennon akiwa bado hajafika, akichapa gitaa lake la besi huku na huku, Harrison akipiga miayo mbele yake, mpaka wimbo ambao haukuwapo dakika chache kabla unaanza kusikika. Yoko naye ameketi kando ya Lennon, mumewe mtarajiwa, anasoma gazeti, haamui lolote. McCartney mwenyewe anamtetea, akisema litakuwa jambo la kuchekesha miaka 50 baadaye watu wakidai kwamba walitengana kwa sababu Yoko alikalia amplifaya, kile kikuza sauti cha gitaa.

Najua kwamba Jackson naye alichagua: alikuwa na takriban saa 60 za picha, na wanamuziki waliobaki hai waliiunga mkono kazi yake. Hata hivyo namwamini zaidi anayeniachia nione uchovu, subira na mizaha kwa mfululizo, kuliko anayenikatia vipande.

Let It Be iliporudishwa kwa watazamaji mwaka 2024, niliitazama upya. Majibizano yale yapo palepale, neno kwa neno. Safari hii, katika sauti ya McCartney, nilimsikia mtu anayehofia kwamba akinyamaza, hakuna mwingine atakayeianza kazi.