Mwana Msimbazi Ndani ya Kijani

Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, tangu utotoni, na katika maisha yangu yote sijawahi kununua nguo ya kijani, hata soksi, kwa sababu kila aliyekulia Kariakoo anajua rangi hiyo ni ya nani. Nilipohamia Chicago niliamini kwamba walau shari hiyo nimeiacha Dar es Salaam. Kumbe wapi! Kila ifikapo Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick wa Ireland, mji mzima huamka kama umevaa jezi za Yanga.

Hata mto hausalimiki. Tangu mwaka 1962 mafundi bomba wa hapa huutia rangi ukawa kijani kibichi, na Jumamosi iliyotangulia mke wangu alinikokota kwenda kuutazama. Unga wenyewe, kabla haujagusa maji, ni wa rangi ya machungwa. Laiti wangeuacha hivyo hivyo, nami ningepiga makofi.

Siku yenyewe niliingia kazini na sweta langu jekundu, na kabla sijaweka chini mfuko wa chakula nilifinywa mkono, nikafinywa bega, kisha nikafinywa na msimamizi, ambaye siku nyingine hata salamu hurusha kwa shida. Nilipofoka, nilielezwa kwa upole kwamba vibwengo wa Ireland hawamwoni mtu aliyevaa kijani, na asiyevaa humfinya. Kwetu vibwengo tulikuwa tukiwakimbia. Hapa mtu mzima mwenye mkopo wa nyumba anajifanya kibwengo, tena huku analipwa kwa saa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba desturi hiyo ya kufinyana imekuzwa huku huku Marekani, sawa na ile nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi wanayoila siku hiyo, ilhali Waayalandi wa kwao walizoea ya nguruwe. Patrick mwenyewe alizaliwa Uingereza ya enzi za Warumi, akatekwa akiwa kijana wa miaka kama 16, akachungishwa mifugo Ireland miaka 6 kabla ya kutoroka, na baadaye akarudi huko huko kuhubiri. Tena zamani rangi iliyohusishwa naye ilikuwa buluu. Buluu ni ya Azam, ningeivumilia!

Kufikia saa sita mkono ulikuwa umeanza kuvimba, na kwa kuwa ukienda kwa wenye chongo nawe hufumba lako jicho, nilikubali kofia ya karatasi ya kijani. Wakanipiga picha. Mke wangu, ambaye sijui nilimwonyesha kwa akili gani, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu wa Temeke, Mwananchi, yaani Yanga wa damu, ambaye tangu zile 5-1 walizotufunga Novemba 2023 hunipigia simu kila tarehe 5 ya mwezi, safari hii hakupiga. Alituma fomu ya uanachama, imeshajazwa majina yangu yote matatu, imebaki sahihi tu.