Wanafunzi wenye nyumba, na paa la miaka kumi ijayo

Ushirika wa nyumba wa wanafunzi wa Edinburgh, Uskoti, ulifungua milango mwaka 2014 ukiwa na nafasi za watu 106. Wakazi wenyewe ndio wanaouendesha. Tuseme kila mmoja hukaa miaka miwili. Basi kila mwaka watu 53 hufunga virago, na baada ya miaka minne huenda asibaki hata mmoja anayekumbuka kwa nini kodi ilipangwa kiasi kile.

Hesabu hiyo ndogo hunirudia kila ninaposikia watu wakisema mafunzo ya wanachama ni anasa: safari, semina na chakula cha mchana. Katika chama cha kahawa au Saccos ya walimu, mwanachama anaweza kukaa miaka ishirini. Akikosea mwaka huu, mwakani atajirekebisha, na wazee wapo wa kumkumbusha. Ushirika wa wanafunzi hauna wazee. Mwenye kumbukumbu ndefu kuliko wote ana miaka 22 na anasubiri mahafali.

Tazama paa. Linahitaji kubadilishwa, labda baada ya miaka kumi, na fedha yake lazima ianze kuwekwa sasa. Katika mkutano mkuu mtu ananyanyua mkono: tupunguze kodi, maisha yamekuwa magumu. Wote waliomo ukumbini watafaidika na punguzo hilo, na hakuna hata mmoja wao atakayenyeshewa. Watakaonyeshewa bado wako shule ya msingi, hawana kura. Hakuna uovu hapo. Kijana ambaye hajawahi kuonyeshwa mpango wa matengenezo wa miaka kumi huiona akiba iliyoko benki kama fedha iliyolala bure. Mfundishe kuusoma mpango huo na kutofautisha ziada na akiba, na swali litabadilika mdomoni mwake. Si kila mara. Lakini asiyejua kwamba kuna paa la kulipiwa hata dhamiri yake haina pa kushika.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Ajirini wataalamu, wanasema, wanafunzi wasome. Ushirika wa wanafunzi wa Berkeley, California, ulianza 1933 na vijana 14. Leo una nafasi zaidi ya 1,200, na una waajiriwa wa kudumu wanaoshika hesabu na majengo. Wanachama hufanya zamu, kama saa tano kwa wiki, za kupika, kuosha vyombo na kusafisha. Mfanyakazi wa kudumu ndiye kumbukumbu ambayo wakazi hawawezi kuwa nayo. Tena, unamfundisha mtu miezi sita, halafu unamsindikiza kituo cha basi.

Wanaoukubali mtazamo huo hupenda kuutaja pia mkasa wa Rochdale College ya Toronto, Kanada, makazi ya ushirika ya wanafunzi katika jengo la ghorofa 18 lililofunguliwa 1968 kwa mkopo wa serikali, likajiendesha kwa uhuru mwingi, likashindwa kulipa deni na kufungwa 1975. Ni kweli tupu. Ila Toronto hiyohiyo ilikuwa na ushirika mwingine wa nyumba za wanafunzi tangu 1936, nao ulibaki baada ya Rochdale kufungwa. Mji ule ule na vijana wale wale. Kujitawala peke yake hakutoshi kueleza anguko lile.

Na meneja mzuri anahitaji bodi inayoweza kusoma taarifa yake. Bodi isiyofundishwa hupiga muhuri chochote, au humgombeza bila kujua analofanya. Kwa hiyo kuajiri mtaalamu hakuondoi haja ya kuwafundisha wanachama. Huifanya iwe kubwa zaidi, maana sasa wana mtu wa kumsimamia.

Sisi wa Tanzania tusione ni habari ya mbali. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianza Kilimanjaro mwaka huohuo wa 1933, na ilipofika 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, kwa sababu iliyo wazi: mkulima anayemiliki chama asichokielewa humilikiwa nacho. Elimu na mafunzo ni msingi wa tano kati ya saba ya ushirika duniani kote. Chama kinachostahili kuukumbuka msingi huo zaidi ni kile ambacho wanachama wake hubadilika kila mwaka.

Ninachokubaliana na wakosoaji ni namna mafunzo yanavyotolewa. Amerika Kaskazini kuna NASCO, muungano wa vyama vya aina hii ulioundwa 1968, ambao kwa miaka mingi umefanya mkutano wake wa mafunzo Ann Arbor, Michigan, kila Novemba. Kuwakutanisha watunza hazina wa miji tofauti kuna faida kubwa. Lakini nauli hupeleka wawili au watatu, na aghalabu ni walewale wenye ari. Aliyebaki nyumbani ndiye atakayepiga kura kuhusu paa.

Ningeanzia jikoni kwao. Mtunza hazina anayemaliza muda akae na anayeingia kwa muhula mzima, vitabu vikiwa wazi, na saa hizo zihesabiwe kama zamu sawa na kuosha masufuria. Mwanachama mpya, kabla ya kupewa ufunguo, apandishwe darini aone lile paa na aambiwe bei yake.