Deni Halikai Eda

Nilipoachwa nilikuwa na watoto watatu, cherehani moja na deni la shilingi 840,000. Watoto nilirudi nao kwa wazee wangu siku ile ile, cherehani ikaja kesho yake juu ya gari ya ng'ombe. Deni halikuhitaji kubebwa, lilinifuata lenyewe.

Fedha zile nilizikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huku kwetu wilaya ya Wete, Pemba. Mkopo ulikuwa shilingi 1,200,000 na ulikuwa wa mabati. Nyumba ilishasimama kuta miaka miwili haina paa, sisi tunaishi chumba kimoja kwa mama mkwe, na mume wangu akaniambia, "Kopa wewe, kikundini wanakuamini. Mimi nitalipa msimu wa karafuu." Sitaki kumzulia, hakuwa akinidanganya. Mwaka ule mikarafuu haikuzaa. Alilipa mara mbili, mimi nikalipa nilichoweza kwa kushona, kisha yakaingia baina yetu mambo ambayo si ya kuandikwa hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba ile karatasi ya talaka ilikuwa na jina langu, jina lake, tarehe na idadi ya talaka. Deni halikuwemo. Hakuna aliyeniuliza kama ninadaiwa, na mimi sikutia neno kwa sababu niliona haya.

Rejesho letu lilikuwa shilingi 30,000 kila Jumamosi. Hebu hesabu pamoja nami. Eda yangu ilichukua wiki 13, kwa hivyo ni shilingi 390,000, na huo ni wakati ambao kwa ada yetu mwanamke aliyeachwa anakaa ndani. Wateja wa nguo waliona vibaya kuja kupima kwa mtu aliye edani, na sare za skuli nilizokuwa nazishona zikapelekwa kwa fundi mwengine. Mlango wa riziki ukafungwa, mlango wa rejesho ukabaki wazi.

Wiki ya tatu alikuja mweka hazina. Alipiga hodi baada ya alasiri, akakaa kwenye jamvi, akauliza hali yangu, ya mama, na ya watoto mmoja mmoja. Kahawa ikaja, akanywa vikombe viwili. Daftari alikuwa amelizungushia kanga na kulibana kwapani, na kila jicho langu likienda pale alizidi kulibana. Mwisho akasema, "Mwanangu, hili silo langu, nimetumwa na wenzako." Nikamwambia, "Najua, mama, wala sikulaumu." Mama yangu aliinuka kimya akaingia chumbani. Alirudi na shilingi 60,000 zilizofungwa kwenye pembe ya leso. Zile zilikuwa fedha zake za sanda. Mzee yeyote wa Kipemba anajua nasema nini: mtu anaziweka kidogo kidogo ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Zikahesabiwa mbele yangu, noti moja moja, zikaandikwa daftarini kuwa marejesho mawili ya paa ambalo mimi silali chini yake tena.

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili miaka sita, na minne katika hiyo mimi mwenyewe ndiye ninayebana daftari kwapani. Nimeona wanawake wengi wakiachwa huku wanadaiwa, na kila mara maneno wanayoambiwa ni yale yale: "Shukuru umetoka salama, mengine mwachie Mungu." Nayakataa maneno hayo, na ninayakataa kwa sababu ya Mungu huyo huyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inatuamrisha tuandike, tuweke mashahidi, wala tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Na Suratut Talaq inaanza kwa kukataza wanawake wasitolewe majumbani mwao wakati wa eda, kisha inasema mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Sisi tumefanya nini? Mwanamke anafungishwa virago jua halijatua, masurufu ya eda anasubiri mpaka anachoka, na deni analoondoka nalo linaitwa siri yake. Tumeshika neno moja la eda, kukaa ndani, tukayaacha yale yanayomgharimu mwanamume fedha.

Na sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara haitumiki huku kwetu, na ile kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango wa mke katika mali, ilitokana na sheria hiyo. Lakini tangu 2017 Zanzibar tunayo Sheria ya Mahakama ya Kadhi inayompa kadhi uwezo wa kugawa mali ya ndoa pale panapokuwa na mchango halisi. Neno lenye uzito ni hilo, halisi. Uuthibitishe. Na hapo ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu nani miongoni mwetu ana risiti? Matofali yamefyatuliwa uani, mchanga umeletwa na shemeji, kiwanja ni cha urithi wa upande wa mume, na mwanamke aliyepika chakula cha mafundi miezi minne hana karatasi hata moja ya kumwekea kadhi mbele.

Isipokuwa anadaiwa.

Hili nilichelewa sana kuliona. Deni langu lilikuwa ndiyo ushahidi wangu. Katika buku la kikundi pameandikwa jina langu, tarehe, shilingi 1,200,000, na mbele yake, kwa mkono wa katibu, maneno mawili: "kupaua nyumba". Kuna sahihi za wadhamini wawili. Kikundi kizima, watu 27, kilinishuhudia nikizipokea. Hakuna mke katika kijiji chetu aliyekuwa na ushahidi mzuri kuliko huo, nami niliuficha chini ya godoro kama kitu cha aibu, nikaenda kwa kadhi kudai masurufu na mahari iliyobaki tu. Kadhi hakunidhulumu. Alihukumu nilichokiomba.

Lipo la wadhamini pia, nalo ni baya zaidi. Mume amekopa mkopo wa makato ya mshahara au wa kikundi cha wanaume, mke ametia sahihi ya udhamini kwa sababu mke mwema hakatai. Nimemwona mwanamke aliyekuwa akilipa mkopo uliotumika kumwolea mke mwenzake. Alishaachwa, mume alishahama kisiwa, na wenye fedha wanamjia yeye kwa kuwa sahihi yake ndiyo iliyo karibu. Mkopeshaji haulizi nani ameachwa na nani ameolewa, anatazama karatasi. Kama kuna binti anayesoma hapa: udhamini si heshima unayompa mume, ni deni lako lililochelewa kufika.

Wanaume wenzetu nao wanaumia, nisiwe mchoyo wa kusema. Yupo anayelipa mpaka leo mkopo wa harusi ya ndoa iliyovunjika zamani, na huku analisha watoto nyumba mbili. Kwake pia karatasi ingemsaidia, maana deni likiwekwa hadharani siku ya talaka, kila mmoja anajua mzigo wake, na maneno ya barazani yanapungua.

Ninachokitaka si kikubwa. Siku talaka inapoandikwa, iwe kwa sheha (kiongozi wa serikali kijijini), kwa wazee au mbele ya kadhi, liulizwe swali moja: mnadaiwa nini, nani alikopa, na fedha zimekwenda wapi? Jibu liandikwe hapo hapo. Ikiwa mkopo ni wa nyumba, na nyumba inabaki kwa mume, mume abebe kilichobaki au amrudishie mke alichokwisha kulipa. Ikiwa mke alikopa akanunua vyombo vyake, alipe mwenyewe, hapo hapana ugomvi. Na sisi wa vikundi tusikimbilie mlango wa mtu aliye edani. Aya ya 280, mbili tu kabla ya ile ya deni, inasema mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Wiki 13 hazitaua kikundi. Cha kwetu hakikufa, maana tangu nilipopewa ufunguo mmoja kati ya tatu za sanduku la fedha za kikundi tumeshawasubiri wenzetu watatu, na wote walimaliza kulipa.

Dada uliye katikati ya hili sasa hivi: usiende peke yako. Wasaidizi wa sheria wapo huku vijijini na hawatozi fedha. Chukua buku lako la kikundi, mwombe katibu akuandikie barua ya mkopo wako na sababu yake, tafuta hata ile karatasi ya duka la mabati iliyochakaa. Hilo deni unalolionea haya liweke juu ya meza, lizungumze kwa niaba yako.

Mimi langu nilimaliza kulipa mwaka na nusu baada ya talaka, na cha kwanza nilichokifanya ni kumrejeshea mama shilingi 60,000 zake, katika leso ile ile.

Sasa nimepeleka pendekezo kikundini: kila fomu ya mkopo iwe na mstari wa sababu ya mkopo na, kama ni wa nyumba, sahihi ya mume pembeni ya sahihi ya mke. Wapo waliopinga kwa sauti. Mmoja alisema, "Mtatufanya tuachwe." Nilimjibu kwamba mume atakayekuacha kwa sababu umemwomba atie sahihi kwenye mabati ya nyumba yake, ni kheri umjue kabla ya kwenda kuyanunua. Kura tutapiga mwezi wa Shaaban, siku ya kuvunja kikundi, yaani kugawana akiba, na nimeshahesabu: waliokubali ni 15 kati ya 27. Nawatembelea waliobaki, nyumba kwa nyumba, baada ya alasiri.